Wachoraji, irudisheni mistari miwili myeupe kwenye bendera

Mhariri,

Siku ya Mashujaa inapokaribia, kuta za shule, za ofisi za machifu na za masoko hapa Nairobi hupakwa bendera upya. Kuanzia hapo hadi Jamhuri, tarehe 12 Desemba, fundi wa rangi hakosi kibarua. Sisi tunaoishi kwa brashi tunaishukuru kazi hiyo, lakini tunakuomba nafasi tuseme jambo linalotukera: bendera nyingi zinazochorwa jijini zinafanana tu na bendera ya Kenya. Mahali zinapoharibikia ni pale pale kila mara, kwenye mistari miwili myembamba myeupe. Mara imesahauliwa kabisa, mara imevimba ikawa minene sawa na ile mingine, mara imepakwa haraka haraka juu ya nyekundu mbichi hadi ikageuka waridi. Wengi huichukulia nyeupe kama nafasi iliyobaki baada ya rangi zenyewe kuwekwa. Hapo ndipo tunapotofautiana nao.

Kifungu cha 9 cha Katiba ya 2010 kinaitaja bendera kuwa mojawapo ya alama za taifa, na Jedwali la Pili linaieleza: mistari mikuu mitatu yenye upana sawa, mweusi juu, mwekundu katikati, wa kijani chini, ikitenganishwa na mistari myembamba myeupe, na katikati kabisa ngao yenye pande mbili zinazolingana pamoja na mikuki myeupe. Mchoro wake umewekwa hapo hapo. Anayepewa kazi hii bila kuufungua ukurasa huo anachora kwa kumbukumbu, na bendera ni kitu ambacho kila mtu anaamini anakikumbuka mpaka aulizwe ngao ina rangi ngapi.

Rangi tatu kuu zina umri mkubwa kuliko taifa lenyewe. Tarehe 26 Julai 1952, kwenye mkutano wa chama cha Kenya African Union (KAU) kule Nyeri, Jomo Kenyatta aliueleza umati maana ya bendera ya chama. Nyeusi ilisimamia watu weusi. Nyekundu ilionyesha kwamba damu ya Mwafrika ina rangi ile ile ya damu ya Mzungu. Kijani ilikuwa nchi hii jinsi Mungu alivyotupa, yenye rutuba na uzuri. Miezi mitatu baadaye, tarehe 20 Oktoba, Hali ya Hatari ikatangazwa, na kufikia 1963 ile nyekundu ilikuwa imepata maana nyingine: damu iliyomwagika kupigania uhuru. Bendera ya uhuru ilipopandishwa usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963 pale Uhuru Gardens, ilikuwa na mistari myeupe ya amani kati ya rangi hizo za zamani, na ngao na mikuki ya kuvilinda vyote hivyo. Kwa hiyo anayechora rangi tatu bila mistari myeupe anairudisha nchi nyuma miaka 11, kwenye bendera ya chama kimoja. Sidhani mwalimu mkuu aliyemwita fundi alitaka hivyo.

Kuna kosa la upande wa pili, na hili hufanywa hata na wasanii wenye jina. Picha za ukutani zinazowaonyesha wapiganaji wa msituni mwaka 1953 wakipeperusha bendera ya 1963, ngao, mikuki na yote. Bendera hiyo ilikuwa bado haijazaliwa. Bendera hubeba tarehe ndani yake, na mtazamaji anayejua huisoma. Mmarekani Jasper Johns alipochora bendera ya nchi yake kati ya 1954 na 1955, kwa nta na vipande vya magazeti, aliweka nyota 48, kwa sababu Alaska na Hawaii zilikuwa hazijawa majimbo hadi 1959. Leo mtu akihesabu nyota anajua picha ile si ya jana. Anayechora Kenya ya miaka ya Hali ya Hatari ana njia mbili za haki: achore bendera ya KAU bila mistari myeupe, au aitumie ya 1963 huku picha yenyewe ikionyesha wazi kwamba ni ndoto ya wale wapiganaji, kitu kilicho mbele yao na si mikononi mwao.

Mbali na maana, nyeupe ina kazi ya jicho. Nyekundu iliyokolea ikigusana na nyeusi, mtu aliye upande wa pili wa barabara anaona doa moja kubwa la giza, hasa magharibi ikiingia, maana nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kuzimika mwanga unapopungua. Nyekundu ikigusana na kijani chenye uzito sawa, mpaka kati yao hutetemeka machoni, na kwa wale ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani, mpaka huo haupo kabisa. Wachora nembo wa Ulaya walikuwa na kanuni hii karne nyingi zilizopita: rangi nzito isikalishwe juu ya rangi nzito bila nyeupe au njano kati yake. Mistari yetu miwili inafanya kazi hiyo hiyo.

Sasa vipimo. Bendera ina uwiano wa 2 kwa 3, na kwenda juu imegawanywa sehemu 20: nyeusi 6, nyeupe 1, nyekundu 6, nyeupe 1, kijani 6. Urefu wake basi ni sehemu 30. Ukilishika hilo, hesabu iliyobaki ni ya mtoto wa darasa la nne. Karatasi ya sentimita 30 kwa 20: sehemu moja ni sentimita 1. Ukuta wa mita 1.5 kwa 1: sehemu moja ni sentimita 5, kwa hiyo 30, 5, 30, 5, 30. Ukuta wa mita 3 kwa 2: 60, 10, 60, 10, 60. Ukuta ukiwa na kimo kisichogawanyika vizuri, kwa mfano mita 2.47, usilazimishe. Chukua 2.40, sehemu moja iwe sentimita 12, na zile 7 zinazobaki ziache kama pambizo. Pambizo haimkosei mtu.

Makosa ya vipimo ni mawili yanayojirudia. La kwanza: fundi anagawanya mita 1 mara tatu, anapata sentimita 33 na kidogo kwa kila rangi, anapaka zote, kisha anakumbuka nyeupe. Ataitoa wapi? Anaipaka juu ya nyekundu, sentimita 5 juu na 5 chini. Nyeusi na kijani zinabaki 33, nyekundu inabaki 23. Katiba inasema upana sawa. La pili: anagawanya mara tano, kila mstari sentimita 20, na hapo inakuwa bendera ya nchi isiyojulikana. Ukipita mbele ya ukuta ukahisi kuna kitu hakiko sawa lakini hujui ni nini, toa futi upime nyekundu. Mara nyingi kosa liko hapo.

Wauzaji wa bangili za shanga pale Maasai Market wana tatizo lao. Kwa shanga za milimita 2, safu 20 zinatoa bangili ya sentimita 4, ambayo wengi huiona pana mno. Wanaotaka nyembamba wanaweza kutumia safu 11: 3, 1, 3, 1, 3. Uwiano si ule ule, lakini nyeupe inabaki nyembamba na rangi kuu zinabaki sawa, nayo bangili haina ngao hata hivyo. Zile zenye safu mbili mbili za kila rangi, nyeupe ikiwamo, ni mapambo mazuri, ila zisiitwe bendera. Kwa wanaopaka nyuso za mashabiki siku ya mechi Kasarani tuna neno moja tu: rangi ya ukuta haipakwi usoni, tumieni ya ngozi, inayotoka kwa maji.

Turudi ukutani, maana huko ndiko hela nyingi hupotea. Plasta mpya iachwe siku 28 kabla ya rangi. Saruji mbichi ina chokaa kali inayoila rangi. Ukiiwahi, nyekundu hutoka mabaka na rangi ya mafuta hubaki nata kisha ikabanduka kama ganda. Ukuta mkuukuu ukwanguliwe rangi iliyolegea, uoshwe, nyufa zizibwe, upigwe msasa. Kisha eneo lote la bendera, narudia lote, lipakwe nyeupe mikono miwili, yaani tabaka mbili. Hii ndiyo siri nzima ya mistari myeupe: inatoka chini, haiwekwi juu. Nyeupe iliyopakwa juu ya nyeusi au nyekundu inahitaji mikono minne ndipo ifunike, na hata hivyo baada ya mvua mbili tatu huanza kuonyesha kilicho chini yake.

Nyeupe ikikauka, pima kutoka juu pande zote mbili za ukuta, hakikisha kwa pimamaji, kisha piga kamba ya chaki. Usiamini ukingo wa dirisha wala mstari wa matofali. Majengo yetu mengi hayajanyooka. Bandika tepu ya karatasi pale mistari myeupe itakapokuwa. Bahati nzuri ni kwamba tepu ya milimita 48 inayouzwa kila duka la rangi inakaribia kabisa sentimita 5 zinazohitajika kwenye bendera ya mita 1. Halafu fanya kitu ambacho vijana wengi hukiruka: paka nyeupe tena, nyembamba, juu ya kingo za tepu. Plasta ina vinyweleo, na chochote kitakachopenya chini ya tepu kitakuwa nyeupe, si nyekundu. Iache ikauke, ndipo uanze rangi kuu.

Anza na nyekundu, kisha kijani, nyeusi iwe ya mwisho. Tone la nyeusi likiangukia nyekundu utalifukuza hadi jioni, ilhali tone la nyekundu kwenye sehemu ya nyeusi litafunikwa bila wewe kujua. Nyekundu ni rangi inayopitisha mwanga, kwa hiyo panga mikono mitatu, nyeusi na kijani miwili. Kati ya mkono na mkono subiri saa mbili hadi nne, na Julai yenye baridi subiri zaidi. Tepu itolewe mkono wa mwisho ukiwa haujakauka kabisa, ukiivuta polepole kwa pembe, la sivyo itang'oa ukingo na kuacha meno meno.

Kwa bendera ya mita 3 kwa 2, ukichukulia lita 1 ya rangi ya maji hupaka mita 10 za mraba hivi kwa mkono mmoja, nyeupe ya chini itakula lita 1 na robo, nyekundu zaidi kidogo ya nusu lita, nyeusi na kijani chini ya nusu lita kila moja. Plasta ikiwa ya kukwaruza, ongeza. Anayekuambia kazi hiyo inahitaji lita 4 za kila rangi ana nyumba nyingine anayoipaka.

Kuhusu rangi zenyewe, jihadharini na vitu viwili. Nyekundu za bei ya chini hupauka kwa jua, na ukuta unaotazama magharibi huwa waridi kabla ya uchaguzi mwingine kufika. Fundi akiogopa hilo hukimbilia ile rangi nyekundu ya mabati, ambayo kweli haipauki kwa kuwa ni ya kutu ya chuma, lakini ni ya udongo. Bendera inatoka nyeusi, kahawia na kijani. Nunua nyekundu iliyoandikwa kuwa ni ya nje, ulipe zaidi. La pili ni kijani cha kuchanganya mwenyewe kwa njano na buluu. Njano hutangulia kufa, na baada ya muda ardhi yetu yenye rutuba inakuwa na rangi ya bahari.

Ngao ina mambo yake. Kwanza ni ngao ya Kimaasai yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe peke yake. Haina kijani, haina jogoo. Jogoo mwenye shoka yuko kwenye ngao ya nembo ya taifa, ile inayoshikwa na simba wawili juu ya neno Harambee. Ngao hizo mbili huchanganywa mara nyingi, hasa kwenye mabango ya kampeni, na matokeo yake ni bendera yenye kuku. Ngao ya bendera inavuka mstari mwekundu wote na kuingia kwenye nyeusi juu na kijani chini. Ikichorwa ndogo ikaenea ndani ya nyekundu tu, nyekundu yake humezwa na nyekundu iliyo nyuma yake na kinachobaki kuonekana ni mabaka meusi. Kupata kati, vuta kamba mbili kutoka pembe hadi pembe. Zinapokutana ndipo kitovu cha ngao. Kupata ulinganifu, kunja karatasi katikati kwa urefu, chora nusu, kata, kunjua. Hakuna jicho la fundi linaloshinda mkunjo huo.

Mikuki inapita nyuma ya ngao, ncha juu, kwa hiyo ipake kwanza, ngao baadaye. Hapa bendera yenyewe ina mtego: mkuki ni mweupe na unavuka mstari mweupe, kwa hiyo palipokutana mpaka hupotea. Si kosa la mchoraji. Wengine huuzungushia mkuki mstari mweusi ili uonekane. Sisi hatupingi, ila uwe mwembamba, milimita 3 au 4 kwenye bendera ya mita 1. Ukizidi hapo mikuki inaanza kufanana na nguzo za stima.

Wanaochora bendera ikipepea wana kazi ngumu zaidi, na hapo ndipo mchoraji wa kweli hutambulikana. Kitambaa kikijikunja, mistari yote mitano hujikunja pamoja, na ule mweupe ndio unaosema ukweli, kwa sababu wembamba wake hauvumilii uongo. Ukinenepa mahali pasipo na sababu, mkunjo wote unaporomoka. Chora mistari miwili myeupe kwanza kwa penseli, kama njia mbili zinazopanda na kushuka kilima kimoja, ndipo ujaze zilizobaki. Kwenye kivuli nyeupe iwe kijivu cha ubuluu. Nyeusi haina kivuli cha kuonyesha, kwa hiyo ipe mwanga: michirizi ya kijivu pale kitambaa kinapogeukia jua. Na ngao ijikunje na nguo yake. Ngao bapa iliyobandikwa juu ya bendera inayopepea ni kosa tunaloliona hata kwenye kazi zilizolipiwa vizuri.

Kwa ukarimu wa waliobuni, bendera yetu inaonekana vile vile kutoka pande zote mbili. Jirani zetu hawana bahati hiyo. Shule zinazochora bendera za Afrika Mashariki kwa ajili ya Siku ya Kiswahili, tarehe 7 Julai, zikumbuke kwamba mshazari wa Tanzania hupanda kutoka chini upande wa mlingoti kwenda juu upande wa pili, kijani juu na buluu chini, na kwamba korongo wa Uganda hutazama mlingoti. Sudan Kusini ina mistari inayoshabihiana na yetu, nyeupe ikiwamo, pamoja na pembetatu ya buluu na nyota ya njano. Mara moja moja mtu hupaka ya kwetu, akaongeza pembetatu, akasahau kuitoa ngao.

Na wewe, Mhariri, hukosi lawama. Kwenye kurasa zisizo na rangi, nyekundu na kijani vya bendera vikigeuzwa kijivu hutoka karibu sawa kabisa. Msomaji anaona nyeusi, kijivu, kijivu. Wachora nembo walilitatua jambo hili tangu karne ya 17 kwa kutumia mistari badala ya rangi: nyekundu ni mistari ya wima, kijani ni mistari ya mshazari kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, nyeusi ni mistari ya wima na ya mlalo inayokatana, nyeupe ni karatasi tupu. Mchora katuni wako akiitumia njia hiyo, bendera itasomeka hata ukurasa ukinyeshewa. Kwenye kurasa za rangi tatizo ni udogo. Bendera ya milimita 15 kwa 10 ina mstari mweupe wa nusu milimita, na huo mweupe si wino, ni karatasi iliyoachwa wazi kati ya wino za mabamba tofauti. Bamba moja likisogea theluthi ya milimita, amani imekwisha. Usichapishe bendera iliyo chini ya sentimita 6 kwa 4, au ukilazimika, mwambie mchoraji anenepeshe nyeupe kidogo. Hapo tunakubali vipimo vivunjwe, kwa kuwa vinavunjwa ili vionekane.

Maana wapo wanaovunja kwa makusudi, na hatuna ugomvi nao. Mwaka 1990 Mmarekani David Hammons alichukua bendera ya nchi yake, akaacha kila mstari na kila nyota mahali pake, akabadilisha rangi tu zikawa nyekundu, nyeusi na kijani, zile za bendera ya 1920 ya Marcus Garvey, mpigania haki za watu weusi. Kazi ile ina nguvu kwa sababu kila kitu kingine kimebaki sahihi. Hapa kwetu, Juni 2024, wakati wa maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, simu zilijaa michoro ya bendera ambayo nyekundu yake inachuruzika. Mchoro wa aina hiyo unamchoma mtazamaji pale nyekundu inapovuka mstari na kuingia kwenye nyeupe, au inapoishukia kijani. Sasa, mchoraji ambaye hakuiweka nyeupe tangu mwanzo ameichafua nini? Damu yake inatiririka kutoka nyekundu kwenda nyekundu. Ushauri wetu kwa vijana wanaochora hivyo ni huu: chora bendera sahihi kwanza, mpaka mwisho, kwenye tabaka lake peke yake, kisha badilisha kitu kimoja. Ukibadilisha vitatu, mtazamaji atadhani hujui kuchora.

Sheria nayo ina pande mbili. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na mipaka kinayoiweka ni ya uchochezi wa vita na ghasia, matamshi ya chuki na mambo ya namna hiyo. Upande wa pili kuna Sura ya 99 ya Sheria za Kenya, inayosimamia bendera, nembo na majina ya taifa, nayo inakataza kuitumia bendera kuendeleza biashara bila idhini ya maandishi. Mchoro wa maonyesho na mchoro wa pakiti ya unga si kitu kimoja mbele ya sheria hiyo. Mteja akitaka bendera juu ya bidhaa yake, muulize idhini kabla hujachovya brashi, kwa sababu jina la mchoraji ndilo linaloachwa kwenye kona ya picha.

Kwa wanaotoa kazi, yaani kamati za shule, za masoko na za NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge), tuna ombi dogo. Kabla ya kulipa malipo ya kwanza, mtake fundi alete mchoro wa karatasi wa sentimita 30 kwa 20. Mstari mweupe uwe sentimita 1 kamili. Kabla ya kulipa ya mwisho, mtu wa kamati aende na futi apime mistari yote mitano pande zote mbili za ukuta. Dakika tano zinatosha, na hazihitaji mtu aliyesomea sanaa.

Walio na bendera za zamani wasikimbilie kuzikwangua zote. Osha ukuta kwa maji na sabuni, uache ukauke, kisha angalia nyeupe. Ikiwa ipo na vipimo ni sahihi, bandika tepu juu yake, rudia nyekundu mikono miwili na kijani mmoja. Ikiwa nyeupe ilipakwa juu ya nyekundu, msasa hautaiokoa. Paka nyeupe eneo lote uanze upya. Nyeusi ikiwa imenyooka, iacheni. Hiyo hudumu kuliko zote.

Wachoraji wa kuta na mabango,
Nairobi